Usalama wa Chombo cha Tanga Huanzia Nchi Kavu

Chombo cha tanga kinachosafiri mbali, kiwe jahazi la mbao au mashua ya faiba ya kuzungukia visiwa, husalimika kwa kazi inayofanywa kikiwa kimekaa mchangani. Mara nyingi bahari haileti ubovu mpya. Huukuta uliokwishakuwamo na kuufungua. Ubao uliooza, kamba iliyolika, pampu iliyoziba, shehena iliyopakiwa kwa haraka: yote hayo huonekana siku kadhaa kabla ya safari, mradi awepo mtu wa kuyatazama. Kumbukumbu hii inafuata njia ya baharia mwangalifu: mwili wa chombo, tanga na kamba, ngama, shehena, upepo na maji, uendeshaji, nanga, na vifaa vya kuokolea maisha.

Mwandishi alijifunza somo hilo mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa mbali na bahari, huko Ruaha Mbuyuni. Ipo wilayani Kilolo, mkoani Iringa, chini ya Mlima Kitonga, kando ya mto Ruaha Mkuu na barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia. Ni nchi ya joto, ya mibuyu na ya vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya mto. Malori yaliyotoka kushuka Kitonga husimama hapo. Utingo huruka chini na kusukumia kigingi nyuma ya gurudumu, kisha huzunguka akigonga tairi moja moja kwa kipande cha nondo. Tairi lililojaa hutoa mlio mkavu. Lililopungua huitikia kwa sauti nzito. Dereva naye husogeza kiganja karibu na ringi bila kuigusa, akipima joto la breki. Watoto waliokulia kando ya barabara ile walijua mapema kwamba lori linaloshindwa mlimani lilikwishashindwa gereji.

Maji ya Ruaha Mkuu hushuka hadi Kidatu, hujiunga na Rufiji, hupita Bwawa la Julius Nyerere na kuingia Bahari ya Hindi kupitia delta inayotazamana na Mafia. Vitunguu navyo hushuka pwani, ila kwa barabara. Mwandishi aliifuata njia ya vitunguu: alisindikiza magunia yake hadi Dar es Salaam, akapanda nayo jahazi la kwenda Unguja, na baada ya yaliyotokea katika safari hiyo akabaki chomboni misimu kadhaa ili ajifunze kazi. Siku ya kwanza alimwamkia nahodha, mzee wa makamo ya baba yake: "Shikamoo, nahodha." Mzee aliitikia marahaba, kisha akauliza, "Kwenu bara kuna maji, mwanangu?" Alipoambiwa kuna mto wenye mamba na viboko, akasema, "Basi unajua kwamba maji hayazoeleki."

Matunzo huanza na mwili wa chombo. Katika pwani ya Tanzania maji ya bamvua, yaani maji makuu, hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na tofauti hiyo ndiyo karakana ya watu wasio na chelezo. Jahazi husogezwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magadi, yaani magogo ya kulizuia lisilale, na maji yanapotoka mkuku wote hubaki nje. Mafundi wana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Kwanza hukwangua chaza na mwani, kwa kuwa huongeza uzito, hupunguza mwendo na kuficha nyufa. Kisha huunguza sehemu ya chini kwa makuti yanayowaka, moto ukipitishwa upesi bila kukawia mahali pamoja, ili kumuua mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Mdudu huyo huingia kwa tundu dogo lisiloonekana kwa urahisi na kuula ubao kwa ndani huku nje ukibaki mzima.

Baada ya hapo huja kalafati. Pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta hupigwa katikati ya mbao kwa patasi butu, mpaka mshono ujae bila kupanuka kupita kiasi. Mwisho chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaomzuia mdudu na kuziba vinyweleo vya mbao. Fundi mzuri hugonga kila ubao kwa mpini wa nyundo akiwa ameinamisha sikio, kama afanyavyo utingo wa Ruaha Mbuyuni. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Kichwa cha msumari chenye michirizi ya kutu huonyesha kwamba msumari umelika ndani ya mbao na hauna nguvu ya kushika. Maji ya mvua nayo hayapaswi kudharauliwa, kwa kuwa huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Ndiyo maana sitaha huoshwa kwa maji ya bahari na maji ya mvua hayaachwi yatuame pembeni.

Mashua ya faiba haina mishono ya kupiga kalafati, lakini haikosi kazi. Kila tundu linalopitisha bomba kwenye mwili wake linahitaji koki inayofunguka na kufungika kwa mkono, na kando ya koki hiyo hufungwa kigingi cha mbao laini cha kuzibia tundu iwapo bomba litakatika. Kipande cha zinki kilichofungwa karibu na mhimili wa rafadha huliwa na chumvi badala ya chuma kingine. Kikishaliwa nusu hubadilishwa. Injini, ikiwa ipo, hukaguliwa mafuta, mkanda, chujio la dizeli na maji ya kupoozea kabla ya kila safari. Injini hufa zaidi kwa mafuta machafu kuliko kwa uzee, na hufa wakati mawimbi yanapotikisa tangi na kuinua uchafu uliotulia chini.

Tanga na kamba ndizo injini ya kweli. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini, nayo hupandishwa kwa henza na kuongozwa kwa demani, kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga. Kamba huliwa pale pale kila siku: inapopita kwenye kapi, inapogusa mti, inapofungwa. Baharia huikagua kwa kuipitisha mikononi urefu wote akiwa amefumba macho, kwa kuwa vidole hugundua nyuzi zilizokatika kabla ya jicho. Kamba iliyolika ncha moja hugeuzwa kichwa chini ili ile sehemu nyingine ibebe mzigo, na ikilika pande zote hutolewa kazini. Kamba ya nailoni huonekana mpya kwa muda mrefu, lakini jua huikausha na kuifanya ivunjike ghafla; unga mweupe unaobaki mikononi ni onyo lake. Tanga nalo hushonwa mapema. Tundu la ukubwa wa sarafu hufungwa kwa sindano moja jioni. Likiachwa, upepo wa asubuhi hulipasua kutoka juu hadi chini.

Ngama, shimo la chini kabisa ambamo maji yanayovuja hukusanyika, ndiyo mahali pasipotazamwa na wengi. Safari ya kwanza ya mwandishi ilimfundisha kwa gharama. Ilikuwa mwezi Juni, kusi likivuma. Siku tatu kabla ya kuondoka fundi alikwishaonyesha mshono mmoja upande wa kushoto, karibu na omo, yaani mbele ya chombo, ambao pamba yake ilikuwa imelegea kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Kuufanyia kazi kulihitaji kushusha magunia na kusubiri bamvua. Mwenye mzigo, ambaye ni mwandishi mwenyewe, aliogopa vitunguu kuota na kuoza, akasisitiza safari. Nahodha alikubali, na ikaamuliwa mshono utengenezwe wakati wa kurudi.

Jahazi liliondoka alfajiri. Kabla ya adhuhuri mawimbi yalikuwa makubwa, na kila omo ilipozama na kuinuka mshono ule ulifunguka kidogo zaidi. Pampu ya mkono ilivuta mara chache, ikakohoa, ikanyamaza. Ilipofunguliwa, mdomo wa bomba ulikutwa umejaa maganda ya vitunguu, mekundu na mepesi kama karatasi iliyolowa, yakiwa yamebanana sawasawa kama kizibo. Yalitolewa, na baada ya dakika chache yakajaa tena, kwa sababu ngama nzima ilikuwa imetapakaa maganda yaliyopenya kutoka kwenye magunia. Watu 4 waliteka maji kwa ndoo na upo kwa zaidi ya saa mbili. Magunia 17 ya juu yalitoswa baharini. Jahazi lilijificha nyuma ya kisiwa maji ndani yakiwa yamefika magotini, na hakuna aliyepotea.

Mafunzo ya siku hiyo ni manne, na kila moja lina kazi yake ya mikono. La kwanza, ngama hufagiliwa kabla ya kupakia, na bomba la pampu hufungwa chujio la waya wenye matundu madogo ndani ya kikapu kipana, ili uchafu ukizuia upande mmoja maji yapite mwingine. La pili, chini ya shehena huwekwa mbao na mikeka inayoacha njia ya maji, na njia ya mtu kufikia pampu haizibwi kwa mzigo. La tatu, ndoo mbili imara zenye kamba huwa tayari daima, kwa maana pampu ina ulimi wa mpira, bomba na mshikio, na kila kimoja chaweza kuharibika. La nne ndilo kubwa: mwenye mzigo hapaswi kuamua saa ya kuondoka. Mzigo unaoharibika upesi humfanya mwenye nao aone kila kasoro kuwa ndogo, na nahodha aliyekodiwa huona haya kumkatalia. Kazi yenyewe ya mshono ule, bamvua ikishafika, ingechukua siku moja.

Shehena hupangwa kwa kanuni chache. Kizito hukaa chini na katikati, chepesi juu, na hakuna kinachoachwa bila kufungwa. Chombo kisicho na mzigo hutiwa farumi ya mawe au mchanga ili kisipinduke kwa tanga lake. Vitunguu vinahitaji hewa, hivyo nahodha hushawishika kuacha kifuniko cha shehena wazi. Ni bora kukipa matundu ya pembeni yaliyokingwa kuliko kukiacha wazi kwa mawimbi. Kikomo cha maji huchorwa kwa rangi ubavuni, na rangi hiyo ikizama, gunia linalofuata hubaki gatini. Historia ya Tanzania imeandika gharama ya kupuuza kikomo: MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Hizo zilikuwa meli za injini, lakini zote tatu zilibeba kupita uwezo wake, na maji hayatofautishi injini na tanga.

Upepo na maji huamua siku ya kuondoka. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei hadi Oktoba, likiwa kali zaidi Juni na Julai. Kati ya misimu hiyo kuna kipindi cha pepo zisizotulia kiitwacho tanga mbili. Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima na huongezeka kasi wakati wa kusi. Upepo unapovuma kinyume cha mkondo, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima, nayo huvunja chombo kuliko mawimbi marefu ya upepo ule ule. Nyanda za Juu Kusini nazo zina bahari yake ya maji baridi: Ziwa Nyasa, ambako wavuvi wa Kyela na Matema huuheshimu upepo wa kusini uitwao mwera, unaoweza kuinua mawimbi ghafla kwenye ziwa lililolala asubuhi.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inayotaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni sababu tosha ya chombo kidogo kubaki bandarini. Sheria nayo ina sehemu yake: Tanzania Bara ukaguzi wa vyombo upo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na Zanzibar upo chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Cheti cha ukaguzi huthibitisha hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Hali ya siku ya safari huthibitishwa na nahodha.

Uendeshaji wa tanga una wakati mmoja wa hatari kuliko zote, nao ni kukisi, yaani kuhamisha tanga kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda mwingine. Chombo hugeuzwa mpaka upepo uwe nyuma kabisa, demani huachiwa, tanga likapepea mbele ya omo, na foromali ikasimamishwa wima ili ncha yake ya chini ivushwe upande wa pili. Kwa dakika hizo kamba iliyo huru huchapa kama mjeledi na mti mzito hautegemei kitu ila henza. Hakuna anayesimama ndani ya mzingo wa kamba, watoto na abiria hukalishwa tezi, yaani nyuma ya chombo, na amri hutoka kinywani mwa mtu mmoja. Upepo ukizidi, jahazi hubadilisha tanga kubwa kwa dogo. Kazi hiyo hufanywa mapema, pale wazo linapokuja mara ya kwanza. Nahodha anayesubiri athibitishe kwamba upepo ni mkali hulazimika kuifanya katika upepo ambao ndani yake mikono haiwezi tena kulimudu tanga.

Usiku chombo huonyesha taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia na nyeupe nyuma. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano husema kwamba vyombo viwili vya tanga vikikutana, kinachopokea upepo kwa upande wake wa kushoto hukipisha kinachoupokea kwa kulia. Vikipokea upande mmoja, kilichoko upande upepo unakotoka hukipisha kingine. Katika mkondo wa Unguja, ambako boti za mwendokasi hupita kila siku, taa iliyozimika ili kuokoa betri ni akiba inayonunua ajali. Zamu hugawanywa kabla ya giza, na mtu aliyechoka haachiwi usukani kwa sababu tu ni zamu yake.

Nanga ni breki ya chombo, na kama breki za Kitonga hupimwa kabla ya kuhitajika. Urefu wa amari, kamba ya nanga, huhesabiwa kwa kina cha maji kujaa. Mahali penye mita 3 maji yakitoka panaweza kuwa na mita 7 yakijaa wakati wa bamvua. Kwa kanuni ya mara 5 ya kina, amari inayotolewa ni mita 35. Aliyehesabu kwa mita 3 atatoa 15, atalala salama jioni na kuamka akiwa mwambani. Baada ya kutia nanga, alama mbili za nchi kavu hupangwa mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba kwa mfano, na mlinzi huzitazama. Zikiachana kupita kiasi cha chombo kuzunguka, nanga inaburura.

Vifaa vya kuokolea maisha hukaa mahali vinapofikika gizani. Jaketi la uokozi linalofungiwa chini ya magunia ni sawa na lisilokuwepo. Madumu matupu yaliyofungwa vizuri na kuunganishwa kwa kamba ni maboya ya uhakika. Redio ya VHF huwekwa chaneli 16, ya dharura duniani kote, na simu hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtu akianguka majini, mmoja wa mabaharia hupewa kazi moja tu: kumnyooshea kidole bila kupepesa macho upande mwingine. Mwingine humtupia dumu, na tanga hutuliwa papo hapo, kwa sababu jahazi haligeuki upesi na kila dakika ya mwendo humfanya mwogeleaji awe nukta kati ya mawimbi. Moto wa jiko huwashwa ndani ya sanduku la mchanga, na mtungi wa gesi hufungwa sehemu yenye hewa, kwa kuwa gesi ikivuja hushuka na kujaza ngama.

Chombo kinachotunzwa kina daftari. Huandikwa tarehe ya kalafati, kamba iliyobadilishwa, saa za injini, idadi ya ndoo zilizotekwa kwa siku. Idadi hiyo ya ndoo ina habari nyingi: ndoo 3 zikiwa 5, kisha 8, mshono fulani unafunguka hata kama hakuna aliyeuona. Daftari humzuia pia mtu kusema "tutafanya wakati wa kurudi", kwa kuwa maneno hayo yakiandikwa na kutiwa tarehe humwonyesha kila msomaji deni ambalo halijalipwa.

Kila mwenye chombo, nahodha na mfanyabiashara anayepakia mzigo anaombwa jambo moja kabla ya safari ijayo: ashuke mwenyewe hadi ngama akiwa na tochi, na apitishe kidole kwenye kila mshono. Kidole kikitoka kimelowa, safari isianze.